UZI: Umeombwa kumdhamini mtu mkopo. Biblia inasemaje, na utalipataje jibu lake bila kujidanganya?

Msomaji wa Pembeni (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Kila wiki humu ndani anaingia mtu na swali la "Biblia inasemaje kuhusu jambo fulani". Anajibiwa mstari mmoja, anatokea mwingine na mstari wa kuupinga, halafu uzi unageuka ugomvi wa madhehebu. Leo tuchukue swali moja tu tulipitishe mwanzo hadi mwisho, mtu aone kazi yenyewe inavyofanyika. Nimechagua udhamini: ndugu au rafiki anachukua mkopo SACCOS, anakuletea fomu usaini. Hili Biblia imelisema waziwazi na mara nyingi, tofauti na maswali ya "nisomee kozi gani" ambayo hutayakuta popote kati ya Mwanzo na Ufunuo.

Vifaa: Biblia mbili, Union (ile ya 1952) na Habari Njema, daftari, kalamu, na programu yoyote ya Biblia kwenye simu yenye sehemu ya kutafuta neno. Muda: vikao viwili vya saa moja moja, siku mbili tofauti. Usijibane kwenye kikao kimoja. Cha kwanza ni cha kukusanya, cha pili ni cha kuamua, na ukivichanganya utakusanya kile tu ulichokwisha kuamua.

Anza kwa kuandika swali. "Je, nimsaidie shemeji?" halifai, maana jibu lake ni ndiyo hata kabla hujafungua kitabu. "Je, Mungu anataka nimdhamini?" nalo litakupeleka kwenye kutafuta ishara. Andika kama fomu ilivyo: "Je, nikubali kulipa hadi shilingi 2,000,000 za deni la shemeji iwapo atashindwa, ndani ya miezi 24?" Nani, kiasi gani, hadi lini. Chini yake andika jibu unalolitamani. Hii watu wengi huiruka, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Soma Yeremia 42. Watu wanamwendea nabii, wanaapa watatii jibu lolote, jema au baya. Jibu linakuja baada ya siku kumi: msiende Misri. Wanamwambia Yeremia ni mwongo. Rudi nyuma hadi 41:17 utajua kwa nini: walipokuwa wanauliza, walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, safari ya Misri imeshaanza. Walikuwa wanatafuta muhuri tu.

Pili, kusanya kila mahali panapozungumzia jambo hilo, pamoja na pale pasipokupendeza. Kwa udhamini orodha yangu ni hii: Mithali 6:1-5, 11:15, 17:18, 20:16, 22:26-27 na 27:13, Mwanzo 42:37, 43:9 na 44:32-33, Filemoni 18-19, Luka 10:35, Zaburi 119:122, Waebrania 7:22. Kwa mikopo yenyewe ongeza Kutoka 22:25-27, Kumbukumbu 15:7-11 na 24:10-13, Nehemia 5, 2 Wafalme 4:1-7, Zaburi 15 na 37:21, Mathayo 5:42, Luka 6:34-35, Warumi 13:8.

Tatu, panga kwa aina. Sheria ya Musa inaongea na taifa na mahakama zake. Methali ni kauli ya uzoefu, yaani mambo huenda hivi mara nyingi. Simulizi inaeleza kilichotokea, haisemi ufanye hivyo. Waraka unaongea na kanisa lenye tatizo fulani. Anayesoma methali kama amri atakwama Mithali 26:4-5, ambapo mstari mmoja unasema usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake na unaofuata unasema mjibu. Sisi wenyewe tuna "haraka haraka haina baraka" na "ngoja ngoja huumiza matumbo", na hakuna mzee aliyewahi kudhani moja imeifuta nyingine. Anachojua mzee ni leo ni siku ya ipi.

Nne, soma jirani. Mfano ulio bora kuliko yote kwa swali letu ni Mithali 17. Mstari wa 18 unasema aliyepungukiwa na akili "hupana mikono" na kuwa mdhamini. Panda mstari mmoja tu, wa 17: rafiki hupenda sikuzote, na ndugu amezaliwa kwa siku ya taabu. Imewekwa pamoja. Aliyezipanga hivyo alijua kabisa utakachosema, kwamba "lakini huyu ni ndugu yangu". Undugu anaukubali mstari wa juu, saini anaitilia shaka mstari wa chini.

Kutoka hapo sichukui "ndiyo" wala "hapana". Nachukua maswali, nayaandika ukurasa mpya, na ndiyo ninayoyajibu kikao cha pili. Kwa udhamini nimepata manne. Je, nina cha kulipa (Mithali 22:27)? Je, ninachokiweka ni changu (Reubeni, nitaeleza)? Je, ninajua jumla ya deni na mwisho wake? Je, nimesukumwa na haraka?

Nawasilisha. Wenye ujuzi wa itifaki (kile kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia) na wa mikopo, ongezeeni.

Mama Itifaki

Mtumishi, uzi mzuri. Naongezea kwenye kukusanya, maana kutafuta neno kwenye simu kwa Kiswahili kuna mitego yake na watu wanadhani Biblia imenyamaza kumbe ni kidole chao.

Usiandike "mdhamini" kwenye kisanduku. Andika "dhamini", ili upate mdhamini, wadhamini na amdhaminiye kwa mpigo mmoja. Baadhi ya programu hutafuta neno zima tu, hizo itabidi uandike kila umbo peke yake. Kisha tafuta "dhamana", "rehani" na "arabuni". Halafu "mikono", uchambue mwenyewe, kwa sababu "kupana mikono" ndiyo saini ya zamani: mnapeana mikono mbele ya mashahidi, deni limekuwa lako.

Mtego mkubwa ni neno "deni". Ukilitafuta kwenye Union, Warumi 13:8 haitatokea. Pale imeandikwa "Msiwiwe na mtu cho chote". Kitenzi ni kuwia, cha kizamani, kwa hiyo tafuta "wiwa" na "wia" pia. Na riba: Zaburi 15:5 ina "riba", ila Kutoka 22:25 ya Union inasema "faida". Anayetafuta riba peke yake ataikosa sheria yenyewe.

Ndiyo faida ya kuwa na tafsiri mbili. Habari Njema inasomeka haraka na itakufumbulia hiyo kuwia. Union ina maneno ambayo itifaki iliyochapwa na mahubiri mengi yameyafuata. Zikitofautiana sana kwenye mstari mmoja, hapo simama, kuna kitu kigumu kwenye lugha ya asili.

Nyongeza kwa wapenda maneno: hiyo "arabuni" tunayotoa tukishika nyumba au kiwanja imetufikia kupitia Kiarabu, na ni shina moja na neno la Kiebrania la kudhamini lililoko Mithali 6. Mtume analitumia Waefeso 1:14, Roho ni arabuni ya urithi wetu. Arabuni ni pesa halisi iliyokwisha toka mfukoni. Ukisaini udhamini, hesabu kama umeshatoa.

Kijiti

Wakuu, mnazunguka mno. Mimi nimeona watu wanaomba, wanafungua Biblia, mstari unaowaangukia ndio jibu. Gideoni aliweka ngozi kuomba ishara, akajibiwa. Mitume walipiga kura. Mbona ninyi mnatuletea daftari?

Msomaji wa Pembeni

Mkuu Kijiti, twende taratibu.

Gideoni ameshapewa neno Waamuzi 6:14, aende akawaokoe Israeli. Ngozi inakuja 6:36-40, na yeye mwenyewe anaanza kwa kukiri kwamba jambo hilo Mungu ameshalisema. Hakuwa anatafuta aelekee wapi, alikuwa anaogopa kwenda alikotumwa. Na anaomba radhi kwa kurudia. Kura ya Matendo 1:26 ilichagua kati ya watu wawili waliokwisha kuchujwa kwa sifa zilizotajwa mstari wa 21 na 22, kwamba wawe waliandamana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana. Kazi ya daftari ilishafanyika kabla ya kura.

Kufungua kwa kubahatisha kuna kasoro ya kimakanika pia. Biblia iliyotumika sana hufunguka pale ilipozoea kufunguliwa, yaani Zaburi au ukurasa wenye utepe. Kwa hiyo utapata faraja karibu kila mara, hata siku unayotakiwa kuonywa. Nehemia 5, yenye kilio cha wenye madeni, haitakuangukia hata mara moja.

Na ahadi iliyoangukia si lazima iwe na jina lako. Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, inapendwa kwenye kalenda. Mstari wa 10 juu yake unataja miaka 70. Waliosomewa barua ile, Wayahudi waliokuwa mateka, waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto hukohuko Babeli. Ukiisoma kama "mkopo wa shemeji utalipika ndani ya miezi 24" umeibeba barua ya watu wengine.

Fundi Hesabu

Naingia upande wa fomu, maana maswali manne ya mwanzisha uzi yanajibika kwa namba.

Mithali 22:27 inauliza, kama huna cha kulipa, kwa nini kitanda chako kiondolewe chini yako? Igeuze iwe hesabu. Chukua akiba yako yote, toa matumizi ya nyumba ya miezi mitatu, toa ada inayokuja. Mfano: akiba 3,000,000, matumizi 900,000, ada 700,000. Kinachobaki ni 1,400,000. Hicho ndicho kitu ulicho nacho cha kulipa. Fomu ikitaka dhamana ya 2,000,000, laki sita zinazozidi ndizo kitanda.

Sasa soma fomu yenyewe kwa macho ya Mithali 6:2, kutegwa kwa maneno ya kinywa chako. Tafuta sentensi inayosema wadhamini watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake mkiwa watatu kwenye mkopo wa 6,000,000, haimaanishi kila mtu 2,000,000. Wenzako wakikosa, deni lote linaweza kukuangukia wewe, pamoja na riba na faini za kuchelewesha. Tafuta pia kama kiasi chako kimeandikwa kwa tarakimu au nafasi imeachwa wazi. Nafasi wazi usisaini.

Kwenye SACCOS nyingi akiba ya mdhamini hushikiliwa mpaka mkopo ushuke au uishe. Hata kama mkopaji analipa vizuri kabisa, wewe huwezi kuitoa wala kuikopea kikamilifu. Watu hupiga hesabu ya "akishindwa" na kusahau hesabu ya "hata asiposhindwa". Ada ya Januari haisubiri.

Jiwe Laini

Ngoja niwapinge kidogo. Waebrania 7:22 Yesu ni mdhamini wa agano lililo bora. Zaburi 119:122 mwandishi anamwomba Mungu awe mdhamini wake. Paulo amemdhamini Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Msamaria amemdhamini majeruhi. Ina maana Mithali ya Sulemani imepitwa na wakati, na Mkristo anayekataa kusaini ni mchoyo tu.

Msomaji wa Pembeni

Hoja nzuri, na ndiyo sababu lazima orodha iwe nzima. Sasa tazama wadhamini hao wanafanyaje.

Paulo, Filemoni 19: anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Hasemi "Onesimo akishindwa nitaangalia". Deni amelihamishia kwake siku hiyohiyo. Msamaria anaacha dinari mbili mezani kwanza. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja (Mathayo 20:2), kwa hiyo ni siku mbili za kazi, taslimu. Ndipo anaahidi kumlipa mwenye nyumba gharama itakayozidi, na kusema atarudi. Aliyedhaminiwa ni mtu aliyelala hoi, si mwenye mpango wa kununua bodaboda ya pili. Na Waebrania inasisitiza mdhamini aliyelipa mwenyewe hadi mwisho.

Kwa hiyo mafungu hayo hayaigombezi Mithali. Yote yanakubaliana kwamba mdhamini ni mlipaji. Mithali inamcheka anayesaini akidhani hatalipa.

Sasa Reubeni na Yuda, maana niliahidi. Mwanzo 42:37 Reubeni anamwambia baba yake Yakobo, nisipomrudisha Benyamini kutoka Misri uwaue wanangu wawili. Yakobo anakataa. Sura ya 43:9 Yuda anasema mimi mwenyewe nitakuwa mdhamini wake, umtake mkononi mwangu. Yakobo anakubali. Tofauti iko wapi? Reubeni ameweka dhamana ya roho za watu wengine. Yuda ameweka yake, na 44:33 anasimama mbele ya mkuu wa Misri kuomba abaki mtumwa badala ya mdogo wake. Simulizi haitoi amri hapa, lakini imeweka wawili bega kwa bega uone.

Kwenye fomu ya leo Reubeni ni yule anayeweka hati ya nyumba ambayo mke hajui, au akiba ya watoto. Tanzania sheria nayo ina neno hapo: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Kuhusu uchoyo: kukataa saini si kukataa kusaidia. Kumbukumbu 15:8 inasema fungua mkono. Luka 6:35 inasema kopesheni msitumaini kupata malipo. Kama hesabu ya Fundi imekuachia nafasi ya 200,000 unayoweza kuitoa na kuisahau, itoe leo. Mwambie shemeji, "kusaini sitaweza, hii hapa si mkopo". Mara nyingi inamfaa zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu anaomba mkopo mdogo zaidi.

Zamaradi_K

Shikamooni wakubwa. Na aliyekwisha saini? Mithali 6 inasema ujiponye kama paa na mkono wa mwindaji. Je, maana yake abadilishe laini ya simu?

Mama Itifaki

Marahaba mwanangu. Soma mstari wa 3, usirukie wa 5. Njia ya kujiponya imetajwa: nenda, nyenyekea, msihi sana. Anaenda kwa mtu, hamkimbii. Haraka ya mstari wa 4, usilale usingizi, ni haraka ya kwenda kusihi deni likiwa bado bichi.

Na kuna Zaburi 15:4, mwenye haki akiapa kwa hasara yake habadiliki. Soma pamoja na Yoshua 9. Wagibeoni waliwaletea Waisraeli mikate mikavu yenye ukungu, Waisraeli wakaikagua, ila mstari wa 14 unasema shauri kwa Bwana hawakutaka. Ushahidi wote ulikuwa umeletwa na mwombaji mwenyewe. Udanganyifu ulipogundulika baada ya siku tatu, kiapo kilibaki kiapo (9:19). Kwa hiyo kuomba kuachiliwa ni sawa, kutoroka hapana.

Fundi Hesabu

Kiutendaji: nenda ofisini ukiwa na mkopaji, omba taarifa ya mkopo yenye salio la leo. Kisha kuna milango mitatu. Abadilishwe mdhamini, na mpya asaini kabla jina lako halijatoka. Au mkopaji apunguze salio mpaka akiba yake mwenyewe ilifunike. Au kiasi chako kipunguzwe kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo na mkopaji pekee hayakutoi, kwa sababu deni lako ni kwa mkopeshaji. Mlango huu ni mpana mkopo ukiwa unalipwa vizuri. Rejesho mbili zikishachelewa, hakuna atakayekubali kukuachia.

Uliza pia kama mkopo una bima ya kifo. Upo uwezekano mkubwa inakatwa kwenye mkopo wenyewe na hakuna aliyewaambia.

Kijiti

Sawa nimewaelewa. Ila bado ya ushauri. Mithali 15:22 inasema washauri wengi. Mchungaji akisema "nimeonyeshwa usaini"?

Msomaji wa Pembeni

Soma 1 Wafalme 22. Ahabu alikuwa na manabii kama 400, wote kauli moja: panda. Aliyebaki, Mikaya, alichukiwa kwa sababu hakuwahi kumtabiria mema. Wingi wa washauri maana yake watu wasiokula meza moja. Kwa fomu hii chagua watatu: mwenzi wako, mtu anayejua mikopo, na mtu mzima wa kanisani ambaye hana undugu na mkopaji. Wape yale maswali manne na namba zako, usiwape hadithi ya shemeji alivyo mtu mzuri. Mchungaji aliyeonyeshwa, muulize kwa heshima kama yuko tayari kusaini mstari wa pili.

Zamaradi_K

Fomu yenyewe inatakiwa kesho saa nne asubuhi, ndiyo maana nauliza usiku huu. Jina bado sijaandika.

Mama Itifaki

Basi bado uko upande mzuri. Yeremia aliombwa jibu na watu waliokuwa safarini, akakaa siku kumi. Chukua nakala ya fomu, mwambie mwenye mkopo utamjibu Jumatatu. Akisema Jumatatu haiwezekani, liandike hilo chini ya swali la nne.